Deni la Mikono ya Geum-rye

"Nilikupa mikono miwili mizima, dada! Tangu kupambazuka mpaka jua linazama sikuunyoosha mgongo. Na leo unanilipa kwa huyu?"

Huyu alikuwa Mzee Pyo, mwenye miaka sabini na moja. Alisimama langoni kwa Pil-nam, katikati ya wanawake wawili, kofia pana kichwani na glavu mpya mkononi, akijifanya anatazama mawingu.

"Huyu ana jina," alisema mkewe, Geum-rye. "Na mikono anayo."

"Mikono anayo, imejaa sigara! Mwaka jana shambani kwa Deok-ja alipumzika kila tuta. Mpaka konokono alimpita."

"Konokono alikuwa na haraka," alisema Mzee Pyo.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Umande ulikuwa bado haujakauka, na shamba la vitunguu saumu la Pil-nam lilikuwa linangoja kung'olewa siku hiyo hiyo. Televisheni ilikuwa imetangaza mvua ya jioni, na saumu ikishanyeshewa ardhini huoza kabla hujaifunga mafungu.

"Basi nieleze, dada," alisema Pil-nam. "Unaumwa? Una mgeni? Nyumba imeungua?"

Geum-rye alikishika vizuri kile kigari chake cha kusukuma, ambacho akina mama wa umri wake hubebea mboga na kukikalia wakichoka.

"Mama Se-yeon, chukua mikono niliyokuletea," alimwambia Pil-nam mwishowe, akageuza kigari na kuondoka.

Pil-nam alifyonya fyonyo ndefu iliyomfikia hata mbwa wa jirani. Akamwonyesha Mzee Pyo njia ya shambani, kisha yeye mwenyewe akaingia jikoni kwa kishindo. Alikuwa bado hajaitia viungo nyama ya chakula cha mchana cha shambani.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa pesa. Kule Uiseong, nchini Korea, mtu akikupa siku moja ya mikono yake, unamrudishia siku moja ya mikono yako, basi. Huweki noti kwenye bahasha, maana hapo umemwambia kwamba yeye ni kibarua. Juni ya mwaka uliopita Pil-nam alikwenda kwa Geum-rye akang'oa kutwa nzima. Ilipofika zamu ya shamba la Pil-nam, binti wa Geum-rye akajifungua huko Daegu, mama mtu akapanda basi na kwenda kubeba mjukuu. Haki yake, na Pil-nam alinyamaza. Alinyamaza mwaka mzima. Ila kijijini kila mtu alijua kwamba Geum-rye anadaiwa siku, na Pil-nam alikuwa akiitegemea siku hiyo kama mtu anavyotegemea chungu kilichojaa.

Yeye hakuwa na mikono mingine. Mumewe alikufa miaka sita iliyopita, akamwachia matuta thelathini na pikipiki isiyowaka. Binti yake Se-yeon alikuwa mbali, anauza miwani dukani. Pil-nam mwenyewe alikuwa mtoto wa tano wa kike kwao. Baba yake alipoambiwa ni msichana tena, alimpa jina la kuomba kwamba sasa lazima afuate mvulana. Na mvulana akaja kweli. Kwa hiyo Pil-nam aliishi miaka hamsini na minane akiitwa kwa jina la ombi la mtu mwingine, na hakuona ubaya wowote. "Angalau mimi dua yangu ilijibiwa," husema. "Wengine wanaitwa Furaha na sura zao kama siki."

Kwa ujumla alikuwa mtu aliyeridhika. Alipenda chai ya shayiri ya baridi, alipenda kushinda kwenye karata, na alipenda watu waseme kwamba kwake mtu anakula akashiba. Hilo la mwisho halikuwa majivuno matupu. Mwenye shamba ndiye anayelisha mikono iliyokuja kwake, na kijiji husahau mengi lakini hakisahau chakula cha mchana. Kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha juu aliyewapa watu tambi za pakiti siku ya kung'oa. Mwaka uliofuata alibaki peke yake shambani, akimlaani kila aliyepita barabarani.

Jikoni, Pil-nam alitoa kilo tatu za nyama ya nguruwe alizonunua mjini siku iliyotangulia, zimekatwa nyembamba. Akaitupa kwenye beseni. Akatia rojo la pilipili kutoka mtungi wake wa nyuma ya nyumba, jekundu la kung'aa, vijiko vitano vikubwa. Akatia pilipili ya unga. Akaponda saumu kwa mpini wa kisu kana kwamba kila punje ilikuwa kichwa cha Geum-rye. Tangawizi, sukari. Halafu akanyoosha mkono kwenye kabati bila kuangalia, akashika chupa ya sosi ya soya, akamimina, akamimina tena.

"Mikono niliyokuletea! Mikono!" alisema peke yake, akaikanda nyama mpaka ikaomba msamaha. Akafunika beseni, akaliingiza kwenye friji, akaenda shambani.

Shambani mambo hayakuwa mabaya. Trekta la kijiji lilikuwa limeshalegeza udongo, kazi ilikuwa kuchuchumaa, kuvuta, kukung'uta, kulaza. Deok-ja, mjane mwenzake mwenye sauti ya kipaza sauti cha sokoni, aliongoza mstari. Nyuma yake walikuja mawifi wawili wa kijiji cha juu, na mwisho kabisa, kama nukta baada ya sentensi, Mzee Pyo.

"Shemeji Pyo!" aliita Deok-ja. "Hiyo saumu unaing'oa au unaiposa?"

"Naiuliza kwanza kama iko tayari."

"Mkeo ulimwuliza?"

"Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Nikaogopa kukataa."

Hata Pil-nam alicheka, ingawa hakutaka. Lakini matuta ya Mzee Pyo yalikuwa nyuma, na mawingu ya upande wa magharibi yalikuwa yanaanza kupata rangi ya sufuria.

"Leo tunakula nini, Pil-nam?" aliuliza Deok-ja. "Nimeamka sijatia kitu tumboni makusudi."

"Nguruwe wa pilipili."

"Haya! Mmesikia, jamani? Vuteni!"

Mikono ikaenda kasi. Pil-nam akajiambia kwamba wakishiba vizuri saa sita, watalimaliza shamba kabla ya mvua. Wakila vibaya, atasikia visingizio: mgongo, mjukuu, kuku hawajalishwa.

Saa tano akarudi nyumbani. Wali ulikuwa tayari kwenye sufuria ya umeme. Aliosha majani ya saladi, akapanga kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kwenye bakuli, akawasha gesi chini ya karai pana. Kabla ya kumwaga nyama yote, alikaanga kipande kimoja kuonja, kama alivyofanya siku zote.

Alikitema kwenye sinki.

Chumvi. Chumvi ya kukunja uso mpaka masikioni. Aliiangalia chupa kwenye kabati. Nyumba yoyote ya kijijini huwa na sosi mbili: ile ya dukani, nyeusi na tamu kidogo, na ile ya supu inayopikwa nyumbani kwa maharage ya soya, nyepesi kwa rangi lakini chumvi yake ni ya bahari nzima. Zote mbili alizitia kwenye chupa za maji zilizotumika, maana nani atanunua chupa mpya? Alizitofautisha kwa macho. Na asubuhi ile hakuwa na macho, alikuwa na hasira tu. Alikuwa amemimina ya supu, vikombe viwili.

Aliketi sakafuni. Kilo tatu. Duka la nyama liko mjini, na basi linapita kila baada ya saa mbili. Angeweza kuiosha, lakini nyama iliyooshwa ina ladha ya kitambaa. Angeweza kuwapa mayai. Alimwona akilini Deok-ja akilitazama yai, na habari ikimfikia mama wa tambi kabla ya jua kuzama, naye akifurahi hatimaye kupata mwenzake.

Kulikuwa na friji moja tu kijijini ambayo haikukosa nyama, ya nyumbani kwa Geum-rye. Pil-nam alifuta mikono, akashika simu. Kisha akapiga.

"Dada."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Una nguruwe?"

"Unamtaka mwenye chumvi au asiye na chumvi?"

"Asiye na chumvi! Wangu ndiye ana chumvi. Nimetia sosi ya supu."

Kule upande wa pili kilitoka kicheko kilichopanda kama birika linalochemka. Pil-nam aliuma midomo akakivumilia mpaka kikaisha. Alijua anakistahili.

Geum-rye alifika baada ya dakika kumi na tano. Ndani ya kigari palikuwa na bonge la nyama lililoganda, kabichi nzima na vitunguu maji vinne. Alipopanda kizingiti cha jikoni, Pil-nam aliona alivyoshika mlango kwa mikono miwili na kuuvuta mguu wa kushoto nyuma yake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Una nini mguuni?"

"Leta kisu kabla haijayeyuka. Ikiwa bado ngumu inakatika nyembamba."

"Dada. Una nini?"

Geum-rye alikata vipande kama vitano kwanza.

"Nyonga," alisema. "Daktari amesema nikichuchumaa tena, mwaka kesho nitakuwa kitandani. Inaniuma tangu Aprili."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie nini? Kwamba sina tena mikono ya kukurudishia? Mtu asiyeweza kutoa siku hapewi siku, Mama Se-yeon. Unajua hivyo. Nikisema, nani atakuja kwangu? Nikaona bora mnitukane kuliko mnihurumie."

Pil-nam alichukua kisu cha pili.

Walikata pamoja, haraka, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Kabichi ikakatwa vipande vikubwa, vitunguu vikapasuliwa. Pil-nam alipotaka kuanza na vitunguu, Geum-rye alimpiga kofi la mkononi.

"Unataka supu? Nyama kwanza! Moto juu, karai litoe moshi. Mboga ukitanguliza zinatoa maji, nyama inachemka badala ya kukaangika."

"Miaka thelathini na tano napika hivyo."

"Na miaka thelathini na tano nimekula nikanyamaza."

Nyama isiyo na chumvi ikaingia karaini na kijiko cha sukari, ikalia, ikageuka kahawia pembeni. Ndipo ikafuata ile yenye chumvi, kidogo kidogo, Geum-rye akionja kila mara kwa ncha ya kijiti. Rojo jekundu likashika, likaanza kunukia ule moshi mtamu unaokereketa koo. Wote wawili walikohoa, wakafuta macho, wakakohoa tena. Kabichi, vitunguu, moto juu kabisa, hesabu mpaka mia moja. Vitunguu majani. Mafuta ya ufuta mwishoni, moto umezimwa. Tangu nyama ilipogusa karai hazikupita hata dakika kumi na mbili.

"Onja," alisema Geum-rye.

Pil-nam akaonja. Ilichoma, ikaja tamu, chumvi ikabaki mahali pake kama mtoto aliyefundishwa adabu.

"Inapitika," alisema.

"Mnafiki."

Watu waliketi kwenye jamvi la pale uani, wakafunga nyama na wali ndani ya majani ya saladi, wakasukuma mafungu mazima mdomoni. Kwa muda hata Deok-ja hakuongea, na hilo halijapata kutokea. Mzee Pyo alikwenda karaini mara tatu. Mara ya tatu akasimama na bakuli lake, akamtazama mkewe.

"Hii nyama naifahamu."

"Kula."

"Si ile ya siku yangu ya kuzaliwa? Jumapili?"

"Umezaliwa mara sabini na moja, Mzee. Moja ikipita bila nguruwe hufi."

Mawifi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Mzee Pyo akaketi akala zawadi yake ya kuzaliwa. Kisha akarudi shambani wa kwanza, bila sigara, pengine kwa sababu ya pilipili.

Matuta ya mwisho yalimalizwa saa kumi, na mafungu yakatundikwa bandani saa kumi na moja na robo. Mvua ilianza wakiwa wamesimama chini ya paa la banda wanajipangusa udongo. Geum-rye alikuwa amekaa kwenye kigari chake, anafunga fungu la mwisho kwa kamba, kazi isiyotaka kuchuchumaa.

Pil-nam alikohoa ili asikike. Deni kila mtu alilijua, kwa hiyo lilipaswa kufutwa mbele ya kila mtu.

"Jamani, mkae mnajua. Siku ya dada Geum-rye imelipwa leo. Kamili. Na wiki ijayo kwake nakwenda mimi kung'oa, yeye atabaki jikoni. Siku ya karai ni siku."

"Ni siku," alisema Deok-ja. "Tena mimi naomba aje kwangu Jumanne."

Geum-rye aliinamisha kichwa juu ya kamba na kuifunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Na mimi je?" aliuliza Mzee Pyo. "Si nimefanya kazi kutwa? Sasa si Pil-nam ndiye anadaiwa na nyumba yetu?"

"Nusu siku, shemeji," alisema Pil-nam. "Na nyama uliyokula ndiyo iliyoimaliza."

"Nyama yenyewe ilikuwa yangu!"

"Basi tumelipana," alisema Pil-nam, akamsukumia bakuli la chai ya shayiri ya baridi.

Mzee Pyo alifikiri kidogo, akalipokea, akanywa.