Alama Pana Kama Mkeka

"Kuanzia leo, mkiona barabarani alama ya tairi pana kama mkeka, msiulizane nani kapita. Ni mimi, Ansgar!"

Alikuwa amempokonya mshereheshaji kipaza sauti, katika harusi ya binamu yake pale Masumbwe, watu wakiwa wanasubiri pilau. Bibi harusi alipiga makofi kwa adabu. Bwana harusi aliangalia saa. Lakini vijana wa kijiwe cha bodaboda walipanda juu ya viti vya kukodi wakapiga miluzi, na kwa Ansgar hao ndio waliokuwa wageni rasmi. Mama yake, Paskalia, alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Alikuwa anacheka. Kicheko kile Ansgar anakikumbuka hadi leo, na hakimfurahishi.

Pikipiki aliinunua baada ya duara lao, shimo walilochimba na wenzake kule Mwakitolyo, kutema dhahabu kidogo. Wenzake walinunua bati na ng'ombe. Yeye alinunua ile ya kujilaza: kiti kiko chini, usukani uko juu, miguu unainyoosha mbele kama mtu anayenyolewa ndevu. Ilipong'arishwa, mbuzi walijitazama kwenye tangi. Shida ilikuwa moja tu, na aliyeisema ni Marwa, mwendesha bodaboda mwenye pikipiki ya kawaida na mdomo usio wa kawaida.

"Mbele fahali," Marwa alisema akiizunguka taratibu. "Nyuma mbuzi. Hilo tairi si la baiskeli ya mwalimu kweli?"

Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko. Wiki ile Ansgar hakulala vizuri. Kila akiitazama kwa nyuma anaona mbuzi.

Ndipo akaenda kwa fundi Mwigulu na tairi pana aliloagiza kutoka Kahama.

"Rimu yako nyembamba, kaka," Mwigulu alisema. "Hili nikilibana humo litavimba katikati, mashavu yataingia ndani. Kwenye kona itakubishia. Wewe unataka kulala, yenyewe inataka kusimama."

"Lakini itapendeza?"

Mwigulu alirudi hatua tatu, akafumba jicho moja. "Itapendeza vibaya sana."

Basi wakakubaliana, wanaume wawili wenye akili zao. Mwigulu akasogeza cheni, akachonga chuma kidogo ili mpira usisugue, na kazi ilipokwisha akaomba apigwe picha ameikalia. Hiyo ndiyo pikipiki iliyokwenda harusini.

Na kweli ilipendeza. Ukiwa nyuma yake unaona mgongo mpana umetulia barabarani kama bosi kwenye kochi. Kwenye lami iliyonyooka ilikwenda bila kutikisika. Kwenye kona ndiyo alijua. Pikipiki yenye tairi la saizi yake unaielekeza kwa kiuno tu, nayo inalala. Hii ilibidi ausukume usukani kwa nguvu za mabega, na akilegeza kidogo inajiinua kurudi kwenye mstari wake, kama ng'ombe aliyeona shamba la watu. Kwenye barabara ya vumbi, tairi la mbele lilifuata mfereji uliochimbwa na magari, la nyuma likapanda ukingo likataka kwenda zake. Ansgar aliyajua yote haya kabla wiki haijaisha. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, Marwa?

Mama Ansgar alikuwa haogopi nyoka wala fisi, lakini bodaboda aliziita majeneza yenye honi. Alipanda ya mwanawe tu. Kila Jumapili alikaa upande, sare ya kwaya imekunjwa mapajani, mkono mmoja umemshika Ansgar kiunoni, wakaenda misa. Ansgar naye alikuwa na siri yake ya mapenzi: akikaribia kona ya darajani anapunguza mwendo hadi kuku wanampita.

Jumapili ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Darajani kulikuwa na waumini waliotembea kwa miguu, na katikati yao Marwa, amesimamisha pikipiki anafuta matope.

"Fahali huyo anakuja!" Marwa alipaza sauti. "Leo atapiga breki au atasali?"

Watu wakacheka. Ansgar hakupunguza.

Alisukuma usukani. Pikipiki ikaanza kulala, ikakumbuka umbo lake, ikasimama. Barabara ilikwenda kushoto. Wao walikwenda mbele, moja kwa moja, hadi kwenye jaruba la mpunga. Ansgar aliinuka na tope mdomoni. Mama yake hakuinuka. Paja lilikuwa limevunjika.

Watu walipokuja kumbeba walikanyaga pembeni ya ile alama. Ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, kutoka barabarani hadi majini, pana kama mkeka. Mzee mmoja aliinama akaitazama. "Huyu ni Ansgar kapita," alisema. Hakuwa anatania. Hakuna aliyecheka, hata Marwa.

Mfupa uliunga, vibaya. Sasa Mama Ansgar anatembea na fimbo, na njia ya kwenda kanisani haiwezi kwa miguu. Tairi jembamba limerudi kwenye rimu yake tangu mama alipokuwa hospitali. Mwigulu hakuchukua hela ya kazi. Kila Jumapili Ansgar anaiosha pikipiki, anaiwasha, anaisimamisha mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Mama, lile tairi nilishalitoa."

"Nimeliona. Hili limekaa vizuri." Anamwekea mkono begani kidogo, kama anayeshika ukuta asianguke. Hajawahi kumlaumu, hata siku moja. Angemlaumu, Ansgar angekuwa na la kujibu.

Kisha honi inalia nje. Marwa anashuka, anamwamkia, anamshika kiwiko, anamkalisha taratibu. Siku hizi hatanii mtu akiwa pale. Wanaondoka polepole, na darajani, Ansgar anaona kwa mbali, pikipiki inalala kidogo na kufuata kona.

Kutoka kwa Mama Ansgar hadi kanisani, Marwa anatoza shilingi elfu moja.