Chingamu Kwenye Bomba la Gesi

Kila Jumatatu Mghoi hupaka povu la sabuni kwenye mabomba ya kiwanda kimoja huko Mwatate, kinachotengeneza gesi kwa makapi ya mkonge. Panapovuja, povu huvimba. Leo halikuvimba popote. Akakwaruza kiungo kimoja kwa ukucha, ikabanduka chingamu iliyotafunwa, ingali na alama za meno.

“Gesi ya methani haina rangi, dada. Nani ataiona?” Festus, msimamizi wake, alicheka huku akitafuna. “Wakaguzi wako getini. Tia sahihi kwamba hakuna kinachovuja.”

Mate yakamjaa Mghoi kinywani, akayatema. Gesi hiyo ikivuja huzidisha joto duniani, na joto limeunguza mahindi ya mamake huko Mbololo, na huyu anaziba gesi kwa mate. Akaandika INAVUJA, akawafuata wakaguzi mwenyewe, vidole vikinata.