Kumtafuta Jike katika Ngitili ya Jilala

Mwaka 1969 watu wa Kambarage, mjini Shinyanga, walimjua Mwaisha binti Zamoyoni kama mke wa Salehe fundi cherehani na mama yake Fikirini. Wachache tu walijua kwamba kila asubuhi alikwenda kazini kuchambua wadudu, na hao wachache walimhurumia.

"Wadudu si tunao hapa hapa nyumbani?" jirani mmoja alimwuliza. "Kwa nini uwafuate mpaka huko?"

Huko kulikuwa kituo kidogo cha utafiti wa pamba, nje kidogo ya mji. Mwaisha aliajiriwa kufagia. Siku moja, akipangusa meza, aliona sisimizi wamevamia wadudu waliokaushwa na kubandikwa kwa pini. Walikuwa wamekula matumbo yote, wakabakiza mabawa. Hakumwita mtu. Alitafuta makopo manne, akayatia mafuta ya taa, akasimamisha miguu ya meza ndani yake. Afisa wa kituo, Bwana Athanas, alipoyaona makopo yale alimnyang'anya ufagio siku ile ile na kumkabidhi meza nzima.

Tangu hapo Mwaisha alikuwa na sheria yake: sisimizi kwanza. Wadudu kutoka porini walipomwagwa juu ya kitambaa cheupe, alipuliza na kupangusa sisimizi wote kabla hajagusa kitu kingine. Mtu akiacha sisimizi hata mmoja ndani ya sanduku, alisema, amealika ukoo mzima. Katika vituo vyote vya pamba alivyowahi kutembelea Athanas, hapakuwa na masanduku safi kama yale.

Kazi yao ilikuwa kuwatambua wadudu wanaofyonza pamba, pamoja na kujua wanajificha wapi wakati mashamba ni makavu. Ndiyo sababu walifika katika ngitili ya mfugaji mmoja, Jilala. Ngitili ni malisho ambayo Msukuma huyafunga tangu mvua zinapoanza, nyasi zikue zisubiri kiangazi, na hakuna ng'ombe anayetia mguu mpaka mwenyewe afungue. Katikati ya nyasi zile ndefu kilimea kichaka kifupi chenye majani kama manyoya, ambacho kwingine kote kilikuwa kimeshalimwa. Juu yake walimkuta kunguni wa mimea, mdogo kuliko punje ya ulezi, wa kahawia, mwenye mabawa. Athanas alipekua vitabu vyote vya kituo bila kumpata, akatuma sita kwa mtaalamu wa makumbusho huko Ulaya.

Jibu lilikuja mwezi Agosti. Mtaalamu aliandika kwamba mdudu huyo si spishi mpya tu. Hakuingia hata katika jenasi yoyote inayojulikana, yaani lile kundi ambamo spishi za jamii moja huwekwa pamoja. Angependa sana kuielezea jenasi hiyo mpya. Lakini wote sita walikuwa madume, na katika kunguni hawa dume na jike wanaweza kutofautiana kama kuku na bata. Bila jike, na bila uhakika kwamba ni jike wao, asingechapisha neno.

Athanas alimsomea Mwaisha barua, akaikunja. "Jilala anafungua ngitili kesho," alisema. "Ng'ombe wakiingia, baada ya siku mbili hatutakuta kichaka hata kimoja."

Walimkuta Jilala akikata miiba ya kuzibia zizi, wanawe wawili wakimsaidia. Athanas alimwamkia vizuri, akaeleza habari ya jenasi kwa utaratibu, kama aliyesimama mbele ya ubao.

Jilala alisikiliza mpaka mwisho. "Kijana, ng'ombe wangu themanini mbavu zao unazihesabu ukiwa barabarani. Kesho nafungua."

Baba yake Mwaisha alikuwa Mzaramo aliyekuja Shinyanga na reli, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara.

"Mwache, Bwana Athanas," Mwaisha alisema, kwa sauti ya kusikika hadi zizini. "Mtu mwenye ng'ombe themanini na shati moja, atamwonea mdudu huruma?"

Jilala aliweka panga chini. "Mwanamke huyu katoka wapi?"

"Kisarawe, kwa mabwana zako."

"Aa! Wala nazi!" Uso wa Jilala ulichanua. "Ndiyo maana. Kwenu hakuna ng'ombe, mnafuga kunguni."

"Tunafuga, na leo tumekuja kuposa. Dume letu halina mke, na mke yuko ndani ya ngitili yako. Utamnyima mtani mke?"

Wanawe waliangua kicheko. Jilala naye alicheka mpaka akaegemea boma. Kumkatalia mtani mbele ya watoto, tena jambo la posa, kungemfuata mnada hadi mnada.

"Siku tatu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Jumapili jua likichomoza nafungua. Mkiwa ndani mtakanyagwa."

Alhamisi na Ijumaa waliinama tangu asubuhi hadi jioni. Mwaisha aliweka ungo uliofunikwa kitambaa cheupe chini ya kila kichaka, akakung'uta matawi, akapuliza sisimizi, akatazama kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa dume, na dume tena. Nyumbani Salehe alimkandia miguu kwa maji ya moto.

"Nilioa mchambuzi wa wadudu," alisema. "Sasa amekuwa mshenga wao."

"Na bibi harusi haonekani."

"Labda amekukimbia. Washenga mnaogopesha."

Jumamosi alasiri, mgongo ukimwuma, Mwaisha alihisi sisimizi akimtambaa shingoni. Alimminya kwa vidole viwili, akafuta mkono kwenye kanga. Kisha akaunusa mkono ule.

Harufu ile aliijua. Kila aliyewahi kuanika godoro juani anaijua. Sisimizi hanuki hivyo. Anayenuka hivyo ni kunguni.

Alikung'uta kichaka kingine. Safari hii hakupuliza. Sisimizi kama kumi walikimbia juu ya kitambaa, naye akamnasa mmoja baada ya mwingine na kumweka chini ya lenzi. Wa kwanza alikuwa sisimizi, wa pili pia. Wa tano hakuwa na meno. Chini ya kichwa alikuwa amekunja mrija wa kufyonzea, sawasawa na wa dume. Hakuwa na mabawa. Hata kiuno chake chembamba hakikuwa kiuno: tumbo lilikuwa nene, lakini lilikuwa na doa jeupe kila upande, kana kwamba kuna mtu aliyemchora ili aonekane amebanwa katikati.

"Bwana Athanas," aliita. "Nimewatupa."

"Umetupa nini?"

"Majike. Tangu mwaka jana nawapuliza na sisimizi."

Athanas alitazama kwenye lenzi kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anacheka peke yake, na Mwaisha, ambaye alikuwa karibu kulia, akaona hana budi kucheka naye. Kabla ya giza walikuwa na majike watatu ndani ya kichupa. Uhakika kwamba ni wake wa wale madume ndio uliokosekana, na usiku mmoja tu ulibaki.

Jumapili walifika alfajiri. Ng'ombe themanini walikuwa wamekwisha simama langoni, wakiguna.

"Nionyeshe mchumba," Jilala alisema. Alifumba jicho moja, akatazama kwenye lenzi. "Huyu? Ng'ombe wangu wamelala njaa siku tatu kwa ajili ya huyu?"

"Ndiye. Sasa lazima tuwakute pamoja, yeye na dume. La sivyo yule mzungu atasema tumeokota mke wa mtu mwingine."

"Mnawatafutaje?"

"Tunakung'uta."

Jilala alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wala nazi nyie. Fahali akiwa kazini unamkung'uta? Unakaa mbali, unatulia, unaangalia." Akawageukia wanawe. "Zuieni ng'ombe hapo."

Akavua makubadhi, akaingia, akalala kifudifudi mbele ya kichaka kama mtoto. Mwaisha na Athanas walilala kwenye vichaka vingine. Jua lilichomoza, likawapiga migongoni. Ng'ombe walilia, na wanawe Jilala walilia zaidi, wakiuliza mpaka lini.

"Mayu," Jilala alinong'ona hatimaye. "Njoo na kile kichupa chako. Polepole. Dume lenu limelipa mahari."

Walikuwa wawili, mwenye mabawa na asiye na mabawa, wameshikana kwenye shina. Mwaisha aliwafunika kwa kichupa bila kupumua, akaziba. Jilala alisimama, akajipangusa magoti, akaenda kuondoa miiba langoni kwa mkono wake mwenyewe. Ng'ombe wakaingia kwa kishindo, nyasi zikalala, na Mwaisha akapanda juu ya kichuguu, kichupa kikiwa ndani ya ngumi.

Wakati wa kuandika barua ya kwenda Ulaya, Athanas alitaka kuacha habari ya kutupwa kwa majike. "Si lazima waijue," alisema. "Kituo kitachekwa."

"Andika," Mwaisha alimwambia. "Kuna mtu mahali fulani ana meza safi kama yangu, naye anawapuliza."

Maelezo ya jenasi yalichapishwa mwaka 1971. Nimeuona ukurasa wenyewe. Athanas alimtafsiria Mwaisha kwa kalamu ya risasi, pembeni. Mistari tisa inamweleza dume na kumi na minne inamweleza jike, mpaka na yale madoa meupe. Chini yake mtaalamu aliongeza kwamba majike walikosekana mwanzoni kwa sababu mchambuzi hodari wa kituo aliwaondoa pamoja na sisimizi, na kwamba wenye mikusanyo ya wadudu wa Afrika wangefanya vyema kukagua upya sisimizi wao.

Mwaisha aliomba asomewe mstari huo mara ya pili, kisha akauliza kama neno "hodari" lilikuwamo kweli au Athanas alilitia mwenyewe. Lilikuwamo.