Mashine ya Ndege Haikutaka Mafuta

Mashine ile naiona karibu kila wiki, na kila nikiiona najichukia upya.

Ni mashine ya zamani ya kuchezea gololi ya chuma, ina miguu minne na kioo juu. Unavuta kishikio chenye springi, gololi inaruka, kisha unabonyeza vitufe vya ubavuni ili isitumbukie shimoni. Kwenye kioo cha nyuma zimechorwa ndege za pangaboi na rubani mwenye miwani mikubwa, anacheka meno yote nje. Zamani gololi ikigonga mahali palipochorwa uwanja wa ndege, kengele ililia na namba zikazunguka. Ndani hamna kompyuta. Kuna koili, mota moja, nyaya, na swichi nyingi za vibati vyembamba vinavyogusana.

Baba yangu alikuwa fundi umeme wa hoteli moja ukingoni mwa kreta. Hoteli ilipokarabatiwa, mashine ikatupwa nyuma ya jiko, na yeye, aliyekuwa anastaafu mwezi uleule, akaiomba. Ilishuka hadi Karatu kwenye lori la mboga lililokuwa likirudi tupu. Aliitengeneza miaka miwili pale sebuleni, mama akinung'unika kwamba hana pa kukalisha wageni. Vibati alivisafisha kwa vipande vya kadi za Krismasi, akivipitisha katikati taratibu, kisha akavipanga kwa jicho.

"Hii haitaki mafuta," aliniambia zaidi ya mara moja. Niliitikia tu, macho yangu yakiwa kwenye simu.

Siku moja meneja mpya wa hoteli akapata habari. Akaitaka mashine irudi baa, na baba arudi nayo: kila Jumamosi avae shati la wafanyakazi, aichezeshe na kuwaeleza wageni. Baba alipiga pasi suruali siku tatu kabla. Tangu astaafu alikuwa mzee wa kupalilia maharage tu, na hakuna aliyekuwa akimwita fundi tena. Sasa angeitwa, tena na watu waliomwona akiondoka.

Mimi ni dereva wa watalii. Sisi madereva wa Karatu tuna dini yetu, nayo ni kuosha gari. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na dereva anayepokea wageni akiwa na injini chafu ni wa kuchekwa. Tunapuliza kwa kompresa, tunapaka mafuta, mpaka boneti ikifunguliwa kila kitu king'ae.

Mchana wa Ijumaa baba alikwenda kunyoa. Nikaifungua mashine, nikaona vumbi ndani, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaazima kompresa gereji, nikapuliza mpaka vibati vikatetema. Kisha nikapulizia mafuta kila swichi niliyoiona. Iling'aa kweli. Nikafunga na kunyamaza, nimfurahishe.

Kesho yake niliipandisha mwenyewe. Wageni walisimama na glasi zao, baba akasema maneno machache ya Kiingereza aliyoyakariri, akabonyeza kitufe cha kuanzia. Namba zikazunguka bila kusimama. Kengele ikalia mfululizo. Halafu moshi.

Baba alichomoa waya, akafungua, akagusa swichi moja, akanusa kidole. Akaniangalia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Vipi tena, mzee wangu?" meneja akauliza.

"Nimeweka mafuta," baba akasema. "Nilisahau. Ni uzee."

Alijua kwamba meneja yule ndiye anayeamua dereva gani apewe wageni wa hoteli. Na mimi nilijua kwamba anajua. Mdomo ulikuwa wangu, Kiswahili ninacho, na Kiingereza kizuri kumshinda baba. Sikusema kitu.

"Pole, mzee. Wewe kapumzike nyumbani," meneja akamwambia, na shati likabaki hotelini.

Tulipopita geti la hifadhi baba akauliza, "Si nilikwambia?"

"Uliniambia, baba."

"Haya."

Hakulitaja tena. Alirudi kwenye maharage, na mvua za pili hazikumkuta. Kwa miezi yote ile ningeweza kupanda kwa meneja na kusema ukweli. Nilipanda mara nyingi, na wageni.

Mashine imebaki baa kama pambo. Wageni huweka bia zao juu ya kioo, huuliza kama inafanya kazi, na kijana wa kaunta ana jibu lake: kulikuwa na fundi mmoja mzee, akili zimeshachoka, akaimwagia mafuta kama anakaanga maandazi. Wageni hucheka sana. Kisha hunigeukia mimi, dereva wao, waone kama nami nimeipenda hadithi.

Nami hucheka nao.