Bunduki ilinipiga begani, lakini kilichonisaliti ni mdomo

Wakuu, salamu kutoka Voi, ambako jua la leo halina adabu hata kidogo.

Kuna member hapa, yuko majuu, ameuliza jinsi ya kuzoea bunduki yake ya kuwindia kulungu. Anasema inampiga teke mpaka siku hizi anafumba macho kabla hajafyatua, na kulungu wanaenda zao wakiwa wazima. Comments karibu zote zimemwambia aweke pad begani.

Nilianza kumjibu pale pale, jibu likawa refu kuliko swali, so nimeona nifungue uzi wangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Kama nitaongeza chumvi ni kwenye maumivu tu, na hapo mnisamehe.

Tuelewane kwanza. Huku Kenya uwindaji ni marufuku, kwa hivyo asije mtu inbox kuniuliza nyama. Mimi ni askari wa wanyamapori, Taita Taveta, mwajiri sitamtaja. Ni mwanamke, mwembamba, mzaliwa wa Kasigau, kule mlima umesimama peke yake na barabara inakuvunja mgongo kabla hujaufikia.

Muda mrefu nilikuwa geti, nakagua gari za watalii. Kazi si mbaya. Lakini ndovu wakiingia shamba la mama, yeye anapiga debe na kelele, mimi niko geti nawaambia wageni karibuni. Hiyo ilikuwa inaniuma sana.

Nikaomba kuhamia kile kikosi kinachotoka mnyama akiingia kwa watu. Siku nyingi wanafukuza tu, kwa gari na kelele. Ila kuna ile siku nyati ameumia, ana hasira, anakuja. Hapo lazima mtu asimame na apige pale anapotaka kupiga.

Ndiyo maana kuna test ya bunduki kubwa. Sisi tunaiita four-five-eight. Risasi yake ni nene kama kidole cha mkulima, na mwenye kulungu akiipiga mara moja ataenda kuomba ile yake msamaha.

Siku ya kwanza ilinirudisha nyuma nikakaa chini kwa makalio. Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda choo nikaangalia bega. Lilikuwa na rangi ya zambarau.

Basi, kila mtu akawa daktari wa bega. Mmoja ananiambia nikunje sweta niweke ndani ya shati. Mwingine press-ups. Mwingine kanga ya mama. Nilijaribu zote, hata kwa pamoja, nikaonekana nina bega la mcheza raga upande mmoja.

Aliyenisaidia hapo ni mwalimu wetu wa shabaha, tunamwita Sajini, mtu wa bara mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Wewe unaiogopa ndio maana unaiweka mbali," akaniambia. "Ukiiachia nafasi, inakuja na mbio. Ivute ikae kwa bega kabisa. Shavu liguse mbao. Egemea mbele. Ikikusukuma, enda nayo kidogo, usishindane."

Wakuu, hii ni kweli na mwenye kulungu aichukue. Nikivuta kitako cha bunduki kikabana begani, teke likageuka kuwa msukumo. Bega likaanza kupona. Nikajiona nimefika.

Nikafanya test na nikaanguka vibaya. Risasi zote zilienda chini, kwenye udongo, mbele ya shabaha.

Sajini hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwisho wa mwezi nina nafasi moja tena, na nikianguka narudi geti.

Kuna mwenzangu anaitwa Mwadime, yeye alikuwa ameshapita, na kama ningepita ndiye angekuwa pacha wangu kazini. Alinifuata nikiwa nasafisha bunduki.

"Dada, sikusemi vibaya," akasema. "Lakini nyati akikuja, mimi ndiye niko kando yako. Nataka kujua kama macho yako yatakuwa wazi."

Nikaendelea kusafisha, na swali likabaki nami.

Sasa, mimi ni mtu wa maswali tangu utoto. Kitu kikinishinda nataka kwanza kujua kinanishindaje. Bega haliumi tena. Kwa nini basi nashtuka?

Sajini akanifanyia ule mchezo wa risasi bandia. Anajaza bunduki yeye, umempa mgongo, anakukabidhi. Hujui kama ndani kuna ya kweli au bandia. Unalenga, unafyatua.

Ya kwanza ikawa bandia. Kikasikika "ta", kama mtu anafunga kalamu. Na mtutu ukainama chini peke yake. Hakuna mlipuko, hakuna teke, na mimi nimeruka kama nimechomwa na nge.

Walioona walicheka. Mimi safari hii sikucheka, nilishangaa kweli. Mwili wangu ulikuwa umekimbia kitu ambacho hakikuwepo.

Nikamwomba Mwadime anichukue video na simu, slow motion, upande wa uso. Jioni nikaiangalia tena na tena. Macho yanafumba, sawa, hilo nilitarajia. Mabega yanapanda, sawa.

Halafu nikaona mdomo. Kabla tu sijavuta triga, mdomo wangu unafunguka. Wazi kabisa, kama mtu yuko kwa daktari wa meno.

Nikamwonyesha Sajini. Akasema labda ni kupumua. Mwadime akasema labda ni njaa.

Lakini niulizeni, nani anaogopa teke la begani kwa kufungua mdomo? Jaribuni hapo mlipo, jifanyeni mnangoja kupigwa. Mtauma meno. Mimi wangu unafunguka. Hilo jambo lilinitoa usingizi kuliko bega.

Off ilipofika nikaenda nyumbani Kasigau. Mama alikuwa anapepeta pojo, baba anachonga mpini wa jembe. Nikawaonyesha video, nia yangu ni tucheke tu.

Niwaambie kidogo kuhusu baba. Alikuwa mchimbaji wa yale mawe ya thamani ya kijani, kwenye migodi midogo huku chini ya mlima. Yeye ndiye alikuwa mtu wa baruti, anatoboa mwamba, anaweka, anawasha utambi. Mama alikuwa anawauzia wachimbaji uji na chapati, na sisi watoto shule ikifungwa tulishinda pale pale. Leo baba anasikia na sikio moja tu.

Akaishika simu mbali na uso, macho ya uzee. Sauti hakuisikia, na nadhani ndiyo sababu aliangalia uso wangu badala ya bunduki. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena.

Hakucheka.

"Huyu anangoja baruti," akasema.

"Baruti gani, Baba?"

"Angalia hapo. Macho yamefungwa, mabega yamepanda, mdomo uko wazi. Nani alikufundisha kufungua mdomo?"

"Sijafundishwa. Unafunguka wenyewe."

"Mimi ndiye nilikufundisha," akasema.

Wakuu, ilinirudia yote kwa mpigo. Utambi ukishawashwa mtu anapiga kelele, "Baruti!" Wanaogonga mawe wanaweka nyundo chini. Mama anafunika sufuria. Sisi watoto tunajibanza nyuma ya jiwe kubwa, macho tumefumba, mabega tumekunja, midomo tumeacha wazi ili mlipuko usipasue masikio. Baba alitukalia ngumu sana kwa hilo. Yeye sikio lake liliharibika kabla hajapata wa kumwambia.

Na pale nyuma ya jiwe kulikuwa na kimya. Mnangoja tu. Hicho kimya ndicho nilikuwa nakiogopa, kuliko hata mlipuko.

Nikafikiria kule range, uwanja wetu wa shabaha. Tukipiga watu wengi kwa pamoja, kila mtu kwa wakati wake, sikuwa mbaya sana. Siku ya test unapiga peke yako. Wote wanasimama nyuma yako, hakuna anayekohoa. Umevaa vile vya kuziba masikio, kimya kinazidi. Na mwili wangu, masikini, unasema haya, kimya kimekuja, jifiche.

Baba akaweka simu chini. "Basi nimekuharibia kazi," akasema.

Aliisema kwa upole. Nikahamia upande wa sikio lake linalosikia.

"Baba, mimi nina masikio yote mawili."

Mama akaendelea kupepeta pojo, lakini alikuwa anajipangusa macho na ncha ya kanga. Ukimuuliza atakwambia ni vumbi la pojo.

Tukakaa. Halafu swali likanijia, na hili ndilo swali la uzi huu wote. Nikamuuliza baba, kule mgodini sisi watoto tulijuaje kwamba imeisha? Tulitokaje nyuma ya jiwe?

Akashangaa kwamba nimesahau. Akakunja midomo akapiga mbinja. Kijisehemu kifupi cha wimbo, kinapanda, kinashuka, kinapanda tena. Alikuwa anakipiga akishahakikisha hakuna baruti iliyobaki. Ukikisikia, unafungua macho, mama anafunua sufuria, nyundo zinaanza tena.

Na niwaambie, alipokipiga pale kwenye baraza, mabega yangu yalishuka. Sikuyashusha mimi.

Niliporudi kazini nilimwita Mwadime tufanye utafiti wetu. Risasi bandia tupu, yeye anapiga video. Nikapiga kwa kimya, mtutu ukainama, mdomo ukafunguka. Nikapiga tena huku nauimba ule wimbo wa mbinja wa baba kwa ndani, midomo imefungwa, mmm-mmm. Mtutu ukainama kidogo. Nikaendelea hivyo siku baada ya siku, mara bandia, mara ya kweli, mpaka ukawa hausogei.

Nimefikiria kwa nini inafanya kazi, na wataalamu mtanirekebisha. Ukiimba kwa ndani mdomo hauwezi kufunguka. Ukiwa umeziba masikio, ile mmm inajaa kichwa chote, kimya hakipati pa kukaa. Na cha tatu, ambacho sina sayansi yake, ni kwamba nauambia mwili wangu mapema kwamba baruti imeshalipuka, baba ameshapiga mbinja, toka nyuma ya jiwe. Halafu ndiyo napiga.

Mwadime alisema nimerogwa. Lakini alikuja kila siku.

Siku ya test ikafika. Nikaitwa peke yangu. Wakasimama nyuma. Kimya kikaja. Nikavuta kitako kikabana begani, shavu kwenye mbao, nikaegemea mbele.

Nikaanza mmm-mmm.

"Nani ananguruma?" Sajini akauliza.

Mimi sikuacha. Nikafyatua, na kwa mara ya kwanza nikauona moto ukitoka kwenye mtutu. Wakuu, sikuwa nimewahi kuuona! Muda huo wote nilikuwa napiga bunduki na sijui inatoa moto, kwa sababu macho yalikuwa yamefumba. Nikapiga zilizobaki huku nataka tu kuuona tena.

Sajini akaenda kwenye shabaha. Akainama, akaangalia kwa muda. Akarudi.

"Huo mngurumo," akaniambia, "ukienda kwa nyati usiusahau kambini."

Mwadime akanipa mkono.

Nikampigia baba. Network ya Kasigau mnaijua, na sikio lake mnalijua, so ilikuwa vita.

"Baba, nimepita!"

"Umepata nini?"

"Nimepita test!"

"Nani amepata?"

Nikaacha maneno. Nikampigia ule wimbo kwa mbinja kwenye simu. Mimi si fundi wa mbinja, ulitoka umepinda.

Upande wa pili kukawa kimya. Nikangoja. Nikajikuta nangoja macho yakiwa wazi na mdomo umefungwa.

Halafu akanijibu kwa mbinja, wote, mpaka mwisho, na nyuma yake nikamsikia mama akipiga kigelegele.

Kwa hivyo ndugu wa kulungu, bega lirekebishe kwanza, bana kitako, egemea mbele, weka na pad kama unataka. Jaribu risasi bandia, mtu mwingine akujazie. Lakini ukiona bega limepona na bado unashtuka, jipige video uangalie uso wako bila sauti. Kisha uwaonyeshe waliokulea. Pengine si uoga. Pengine kuna mtu alikufundisha kujificha kwa sababu alikupenda, na mwili haujaambiwa kwamba umeshatoka nyuma ya jiwe.

EDIT: Naona mnauliza kama nimeshakutana na nyati. Nimekutana naye, upande wa Salaita. Alituangalia, tukamwangalia, mimi nanguruma, akageuka akaenda zake. Mwadime anadai alikimbia wimbo.

Sasa karibuni. Waliopitia range, jeshini, polisi, au popote, mwili wenu ulikuwa unafanya kituko gani kabla ya mlipuko? Na mliwahi kujua kilitoka wapi?