Kanda ya Mama

Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, na hakuna kiumbe mwenye majivuno kama mwalimu mpya. Asubuhi niliwafundisha watoto tashbihi, takriri na namna ya kuchagua sauti inayomfaa msikilizaji. Jioni nikirudi nyumbani, Gando, niliwasahihisha wakubwa zangu.

Mama alikuwa anaumwa kifua. Kaka yangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa Maskati mwaka wa sita, na Mama alitaka jambo moja tu: aje amwone kabla hajafa. Siku hizo simu hatukuwa nayo. Watu walisema yao kwenye kanda, wakampa msafiri. Jirani alikuwa anaondoka kesho yake, tukaazima redio kaseti. Kanda tupu ilikuwa moja.

Mama alikaa mkekani, akasogeza mdomo kwenye redio kana kwamba anamnong'oneza mtoto.

"Mwanangu, miye naumwa. Kifua hakiniwachi. Mbuzi wako kazaa, pacha. Njoo nikuone, kisha urudi zako."

Akakohoa, kikohozi kirefu.

Niliisikiliza nikakereka. Nilimwambia maneno yale hayashawishi, hayana mpangilio, na kikohozi kinamchosha msikilizaji. Mama alisoma Kurani tu, hakusoma hati za skuli, kwa hiyo niliandika mimi, nikamsomea sentensi moja moja naye akazirudia. Nyumba bila mwanawe ikawa kisima kikavu. Kaka akawa tunda, akawa taa, akawa mboni ya jicho. Kwanza nilimnywesha asali na tangawizi asikohoe, nikamtaka atabasamu anaposema, maana tabasamu husikika. Aliponiuliza maradhi ayataje wapi, nilimjibu kwamba mwerevu ataelewa. Na ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua nilikuwa nimeifundisha juma lile lile.

Tukarekodi juu ya ile ya kwanza, ikafutika. Mama hakubishana nami. Alijivunia kuwa na binti msomi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili, kwa kanda pia. Kaka alikuwa anacheka. Alisema amefurahi kumsikia Mama mzima, sauti imenawiri, na maneno yake matamu amewasikilizisha wenzake chumba kizima. Atakuja mwakani, inshallah, akipata likizo ndefu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudishe mwanzo, akasikiliza tena.

"Hakunisikia," alisema.

Nilimwambia tutatuma nyingine, safari hii atasema mwenyewe. Lakini pumzi ya kutuma nyingine hakuwa nayo tena. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Kaka alifika baada ya arubaini, na ile kanda yetu amekuja nayo mfukoni. Alikaa pale pale mkekani, akaiweka redioni, akaizima kabla haijafika nusu.

"Haya maneno yako, mdogo wangu. Ya kwake yako wapi?"

Nilimweleza yote, sikujificha. Nikamtajia alivyosema Mama: kifua, mbuzi kuzaa pacha, njoo nikuone, kisha urudi zako. Alilia huku ameinama. Kisha akaniomba niyaseme tena, polepole, kama alivyoyasema yeye.

Nikajaribu. Ilitoka sauti ya darasani.