Blauzi Sitini Nyekundu

Birago ana cherehani tatu nyuma ya duka langu la vitambaa hapa Asafo, Kumasi. Anashona nguo za matanga, na kwa mkono wake sina neno. Tatizo ni haraka yake.

Mwezi wa sita, mvua inanyesha na kazi haba, mteja wake Dufie alimletea vipimo vya wanawake sitini wa ukoo wake. Mama yake alikuwa mochari akisubiri mazishi ya mwezi wa kumi, kama ilivyo desturi huku. Umri miaka sitini na minane, kadi ya kura ilionyesha hivyo. Kwa umri huo, hapa kwetu msiba huvaliwa nyekundu na nyeusi. Birago akawaza kwamba mwezi wa kumi kila Jumamosi ina msiba na vibarua wa kushona hawapatikani. Akanunua kwangu kitambaa chote, akakikata chote. Nilimshauri ashone sketi nyeusi tu, blauzi zisubiri. Akanijibu kazi yangu ni kuuza. Nikamuuzia.

Kufika mwezi wa tisa blauzi zilikuwa zimekalia hadi kiti cha wateja. Ndipo bango la msiba likabandikwa: miaka tisini na moja. Mjomba mmoja alitoka kijijini akaapa kwamba marehemu alikuwa mwari tayari kanisa lao lilipojengwa. Mtu wa umri huo haliliwi kwa nyekundu, anasindikizwa kwa nyeupe na nyeusi.

Birago alilisoma mara tatu, akamgeukia Dufie.

"Shangazi, miezi mitatu mochari imemwongezea miaka ishirini na mitatu?"

"Mwanangu, hata sisi tumeshangaa. Ila bango limeshachapwa."

Sketi walizichukua. Blauzi wakataka nyeupe, ndani ya wiki tatu. Birago akanijia.

"Dada Nyarkoa, nieleweshe. Ningechelewa nisingemaliza. Nimewahi, nimekwama. Nilikosea wapi?"

"Ulipokata. Kitambaa kikiwa kwenye jora ni cha maiti yeyote. Ukishakikata ni cha mmoja."

Aliniomba nimuuzie zile nyekundu dukani. Nilikataa, kwa sababu mabega ya wanawake wa ukoo ule sijayaona kwingine. Kitambaa cheupe nilimpimia bila kupunguza bei, maana kilikuwa kinagombewa.

Mwezi wa kumi na moja akafa dereva kijana, msiba wa nyekundu bila ubishi. Katika wafiwa wote, blauzi sita tu ndizo zilizowaenea. Hizo hamsini na nne sasa anazifumua azipunguze mabega, na kila akimaliza moja ananiuliza kama si afadhali asubiri kwanza mteja aje apimwe. Namwambia ndiyo, asubiri. Anaitikia, kisha anachukua nyingine na kuifumua.